Mtoto aliyetekwa akageuka mtekaji: Mpaka wa wema na uovu u wapi?

KIFUNGO cha miaka 25 alichohukumiwa Dominic Ongwen mnamo Mei 6, 2021 na Mahakama ya Kimataifa kuhusu Uhalifu, ICC, mjini The Hague, Uholanzi, kilijibu swali la kisheria. Swali la kimaadili lililoandamana nalo kililiacha lilivyokuwa, na hadi leo linawagawanya wanasheria, wanafalsafa, viongozi wa dini na, zaidi ya wote, wakazi wa kaskazini mwa Uganda wenyewe: mtu aliyeingizwa katika uovu kwa nguvu akiwa mtoto, ana hatia kiasi gani akishakuwa mtu mzima?

Ni rahisi kulijibu swali hili ukiwa mbali. Anayeangalia kilichompata Ongwen utotoni humwona mwathiriwa. Anayeangalia alichokifanya ukubwani humwona mhalifu asiyestahili huruma. Ugumu huanza pale mtu anapolazimika kuziangalia sura zote mbili kwa pamoja, kwani ni za mtu mmoja.

Kwa mujibu wa ushahidi uliokubaliwa na majaji, Ongwen alizaliwa mnamo 1978 hivi katika jamii ya Waacholi. Alikuwa na umri wa miaka tisa hivi alipotekwa akielekea shuleni, katika mwaka wa 1987. Waliomteka ni wapiganaji wa Joseph Kony, kundi ambalo baadaye lilikuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la LRA na ambalo liliteka makumi ya maelfu ya watoto katika vita vilivyodumu kwa takribani miongo miwili kaskazini mwa Uganda.

Utekaji huo ulikuwa na utaratibu wake. Mtoto alipofikishwa porini alichapwa, akabebeshwa mizigo, akalazimishwa kutembea masafa marefu kwa miguu. Aliyejaribu kutoroka na kukamatwa aliuawa, na mara nyingi watekwa wenzake ndio walioamrishwa kumuua. Amri hiyo ilikuwa na shabaha mbili. Ya kwanza ilikuwa kutia hofu. Ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, ilikuwa kumkatia mtoto njia ya kurudi kwao: aliyekwisha kumuua mwana wa jirani angerudi kijijini kwa uso gani? Wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi. Kony alilifahamu hilo kuliko walimu wengi.

Mtoto huyo hakufa wala hakutoroka. Alikua, akajifunza kupigana, akapandishwa cheo mara kwa mara hadi akawa kamanda wa Sinia, mojawapo ya brigedi za LRA. Hapo ndipo hadithi ya mwathiriwa inapoingia katika kumbukumbu za mahakama kama hadithi ya mshtakiwa.

Mnamo Februari 4, 2021, majaji watatu chini ya uongozi wa Jaji Bertram Schmitt walimpata Ongwen na hatia katika mashtaka 61 kati ya 70 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu, yote yakihusu kipindi cha kati ya Julai 1, 2002 na Desemba 31, 2005. Manne kati ya matukio yaliyochunguzwa yalikuwa mashambulizi dhidi ya kambi za wakimbizi wa ndani: Pajule mnamo Oktoba 2003, Odek mnamo Aprili 2004, Lukodi mnamo Mei mwaka huo na Abok mnamo Juni. Mahakama iliridhika kwamba raia wasiopungua 52 waliuawa Odek, 48 Lukodi na 28 Abok. Waliotekwa walibebeshwa vyakula vilivyoporwa, na akina mama walilazimishwa kuwaacha watoto wao wachanga porini kwa kuwa walikuwa wakichelewesha msafara. Odek, isisahaulike, ndiko alikozaliwa Kony mwenyewe.

Zaidi ya mauaji, wanawake saba walieleza jinsi walivyogawiwa Ongwen kuwa wake zake bila hiari, baadhi yao wakiwa wasichana wadogo bado walipofikishwa kwake. Alipatikana na hatia ya ubakaji, utumwa, ndoa ya kulazimishwa na mimba ya kulazimishwa, na kwa kosa hilo la mwisho alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa katika historia ya ICC.

Kisha lipo shtaka ambalo lilimfanya kila aliyefuatilia kesi ile kutulia na kufikiri. Ongwen alipatikana na hatia ya kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi la waasi na kuwatumia vitani. Kwa maneno mengine, alihukumiwa kwa kuwatenda wengine kile kile alichotendwa yeye.

Mawakili wake, wakiongozwa na Bw Krispus Ayena Odongo, walijenga utetezi juu ya nguzo mbili. Kwanza walidai kwamba miaka ya porini ilikuwa imemwachia maradhi ya akili yaliyomwondolea uwezo wa kutambua ubaya wa matendo yake au kujizuia kuyatenda. Pili walidai kwamba alitenda kwa shuruti, akiishi chini ya tishio la kuuawa na Kony, ambaye wafuasi wake waliamini kwamba alipagawa na mizimu iliyoweza kusoma mawazo ya mtu hata kabla hajainuka kutoroka. Ongwen mwenyewe, kesi ilipoanza Desemba 2016, aliyakana mashtaka yote na kusema kwamba mashtaka hayo yalifaa kuelekezwa kwa LRA na kwa Kony, si kwake, kwani yeye pia ni mmoja wa waliodhulumiwa na kundi hilo.

Majaji hawakukubali nguzo yoyote kati ya hizo. Kuhusu akili, waliona kwamba mtu aliyepanga mashambulizi, akagawa majukumu kwa askari, akatoa ripoti kwa redio na kuwaongoza mamia ya wapiganaji hakuwa na dalili za kupoteza fahamu za jema na baya. Kuhusu shuruti, walitoa hoja ambayo ni nzito kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza. Ushahidi ulionyesha kwamba kufikia miaka ya 2002 hadi 2005, Ongwen alikuwa kamanda mwenye mamlaka, aliyeweza kubishana na amri za Kony bila kuuawa, na ambaye mara nyingi alikuwa mbali na Kony kwa masafa marefu. Wapiganaji wengine walitoroka, makamanda wakiwemo. Yeye alibaki, na kila alipobaki alipandishwa cheo. Imani ya mizimu nayo, kwa mujibu wa mashahidi, iliwashika zaidi watoto waliotekwa karibuni na ikafifia kwa waliokaa muda mrefu.

Ni hoja yenye mantiki, lakini haimalizi shauri. Mtoto wa miaka tisa hachagui. Mwanamume wa miaka 24 anachagua, au angalau ndivyo sheria inavyomchukulia. Lakini ni siku gani hasa mtoto yule aliondoka na mwanamume huyu akaingia? Mkataba wa Roma uliounda ICC unasema kwamba mahakama hiyo haina uwezo wa kumshtaki mtu kwa tendo alilolifanya kabla ya kutimiza miaka 18. Ongwen alitimiza umri huo mnamo 1996 hivi, na asubuhi ya siku ile aliamka katika pori lile lile, miongoni mwa watu wale wale, na bunduki ile ile begani. Jana yake alikuwa mtoto wa kulindwa na sheria za kimataifa. Kuanzia asubuhi hiyo alikuwa mtu mzima wa kuwajibika. Sheria haiwezi kufanya kazi bila tarehe kama hiyo, na hakuna atakayeilaumu kwa kuiweka. Nafsi ya binadamu, hata hivyo, haina kalenda.

Msomi Erin Baines wa Canada, katika makala aliyochapisha mnamo 2009, miaka sita kabla Ongwen hajafikishwa mahakamani, alimtumia kama kielelezo cha watu wanaotenda uhalifu wakiwa pia ni zao la uhalifu, ambao makundi mawili ya mhalifu na mwathiriwa hayawatoshi. Kabla yake, Mwitaliano Primo Levi, mkemia aliyenusurika katika kambi ya mauti ya Auschwitz, aliandika katika kitabu alichokitoa mnamo 1986 kuhusu kile alichokiita eneo la kijivu: wale wafungwa waliopewa vyeo vidogo na Wanazi, wakawapiga na kuwasimamia wafungwa wenzao ili waishi siku moja zaidi. Levi alisita kuwahukumu watu hao. Papo hapo alikataa katakata kuwachanganya wauaji na waliouawa, na kuwachanganya huko alikuona kuwa ni maradhi ya kimaadili na huduma kwa wanaoukana ukweli.

Watu wengi wanaomtaja Levi hukumbuka nusu ya kwanza ya fundisho lake na kuisahau ya pili. Kusema kwamba mpaka wa wema na uovu haukuchorwa kwa wino mzito si sawa na kusema kwamba haupo. Mama aliyeamrishwa kumtupa mtoto wake kichakani aliuona mpaka huo wazi kabisa. Kijivu kiko upande wa aliyetoa amri, na upande wa sisi tunaopewa kazi ya kupima, si upande wa yule mama.

Majaji wa ICC, bila kulitumia neno hilo la Levi, walitafuta njia ya kuzibeba nusu zote mbili. Katika hukumu ya kumpata na hatia hawakuupunguza uzito wa matendo hata chembe: walisema kesi ilihusu uhalifu uliotendwa na mtu mzima mwenye wajibu kamili. Katika hukumu ya adhabu ndipo walipomruhusu mtoto wa 1987 kuingia mahakamani. Walisema wazi kwamba ukubwa wa makosa ungeweza kustahili kifungo cha maisha, lakini wakakikataa kwa sababu ya kutekwa kwake na maisha aliyopitia, ambayo ni nadra kuonekana kwa mshtakiwa wa aina hiyo. Hawakumwona akijuta kwa dhati. Hata hivyo walimpunguzia.

Kiasi cha kupunguza ndicho kilichozua mabishano. Mawakili wa utetezi walitaka kifungo kisichozidi miaka 10. Upande wa mashtaka, ambao kwa kawaida ndio wenye ukali, uliomba kisichopungua miaka 20, nao ukataja utoto wake kama sababu. Mawakili wa waathiriwa walitaka kifungo cha maisha. Jaji Raul Pangalangan, mmoja wa watatu walioisikiliza kesi, aliona kwamba miaka 30 ndiyo iliyofaa. Rufaa ilipoamuliwa Desemba 15, 2022, hatia na miaka 25 vyote vilithibitishwa, ingawa kuhusu adhabu jaji mmoja wa rufaa alitofautiana na wenzake. Ikiwa watu waliosoma ushahidi ule ule, kwa sheria ile ile, wanatofautiana kwa miaka 20 kuhusu mtu mmoja, mwananchi wa kawaida asishangae akijikuta anayumba.

Nyumbani Uganda mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu huko hakuna upande mmoja wa kukaa. Katika nchi ya Waacholi, familia moja huweza kuwa na kaburi la aliyeuawa na LRA na, hatua chache kutoka hapo, kijana aliyerudi kutoka LRA. Mzazi anayedai waasi waangamizwe ndiye anayeomba usiku mwanawe aliye miongoni mwao arejee salama. Ndiyo maana viongozi wa dini na wa kijadi wa eneo hilo ndio waliopigania sheria ya msamaha iliyopitishwa na Bunge la Uganda mnamo 2000, ambayo maelfu ya wapiganaji waliitumia kurudi makwao. Miongoni mwa waliotetea msamaha ni Askofu Macleod Baker Ochola, ambaye mkewe aliuawa kwa bomu la kutegwa ardhini mnamo 1997.

Waacholi wana njia yao ya kuyashughulikia mauaji, iitwayo mato oput. Ukoo wa muuaji hukiri, hulipa fidia, kisha pande mbili hunywa pamoja maji yaliyotiwa mzizi mchungu wa mti wa oput, kuonyesha kwamba uchungu umemezwa na wote. Kwa anayerudi tu kutoka mbali, akidhaniwa amechafuliwa na mambo ya porini, ipo ada ya kukanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani. Walioshangilia ada hizi kutoka ng'ambo mara nyingi walisahau kwamba msingi wake ni kukiri. Asiyekiri hana cha kunywa.

Mawakili wa Ongwen waliiomba mahakama iuzingatie utaratibu huo wa kijadi badala ya miaka mingi ya gereza. Majaji walikataa, na sababu mojawapo ni ya kuzingatiwa na kila anayezungumzia haki ya Kiafrika kana kwamba ni moja: si waathiriwa wote waliotaka ada hizo, na si wote waliokuwa Waacholi. Abok, kwa mfano, iko katika nchi ya Walango.

Suala la nani asamehewe na nani ashtakiwe nalo halikufuata mstari ulionyooka. Brigedia Kenneth Banya, afisa wa ngazi ya juu wa LRA aliyekamatwa mnamo 2004, alipata msamaha. Thomas Kwoyelo, aliyetekwa akiwa mtoto kama Ongwen na aliyekamatwa nchini Congo mnamo Machi 2009, alinyimwa. Alikaa rumande zaidi ya miaka 15 kabla ya kitengo cha uhalifu wa kimataifa cha Mahakama Kuu ya Uganda kumpata na hatia ya mashtaka 44 mnamo Agosti 2024 na kumfunga miaka 40 Oktoba mwaka huo. Majaji wa Uganda nao walitaja kutekwa kwake utotoni kama sababu ya kutomhukumu kifo.

Wapo pia ambao hawakufikishwa popote. Wakimbizi waliouawa Lukodi na Odek walikuwa kambini kwa sababu serikali iliwaamuru wananchi waondoke mashambani mwao ikiahidi kuwalinda. Uchunguzi uliofanywa mnamo 2005 na Wizara ya Afya ya Uganda pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika wilaya za Waacholi, vifo vya ziada vilivyotokana na hali ya kambi na vita vilifikia takribani 1,000 kwa wiki, wengi wakifa kwa magonjwa. Rais Yoweri Museveni ndiye aliyeiomba ICC ichunguze, mnamo Desemba 2003, na waranti tano zilizotolewa Julai 2005 kwa ombi la kiongozi wa mashtaka Luis Moreno-Ocampo, jina ambalo Wakenya walikuja kulifahamu vyema baadaye, zote ziliwalenga waasi. Hakuna afisa wa serikali aliyeshtakiwa na mahakama hiyo kuhusu kambi zile. Uzembe unaoua kwa kuhara na malaria haufanani na panga, lakini maiti hazitambui tofauti.

Haya si ya Uganda peke yake. Katika Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, wanamgambo wa SLDF walizitaka familia ziwatoe vijana wa kiume kujiunga nao, na aliyekataa aliona cha mtema kuni. Jeshi lilipoingia huko Machi 2008 lilikamata wanaume kwa mamia, na mashirika ya kutetea haki yalilishutumu kwa kuwatesa. Aliyejiunga kwa hiari na aliyeburutwa kutoka kitandani hawakutenganishwa. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab wakaamua kurudi. Wachache walioitikia walirejea katika mitaa ambamo majirani walikuwa wakiuliza swali lile lile linaloulizwa Gulu.

Ongwen alihamishiwa Norway mnamo Desemba 2023 kutumikia kifungo chake, ambacho kinahesabiwa tangu alipoingia mikononi mwa mahakama Januari 2015. Mnamo Septemba 2025, majaji wa ICC walisikiliza mashtaka dhidi ya Kony bila yeye kuwepo, mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kufanya hivyo.

Mnamo Februari 28, 2024, mahakama iliamuru fidia ya takribani Euro milioni 52.4 kwa waathiriwa wa Ongwen, waliokadiriwa kuwa 49,772. Kila mmoja atapata Euro 750 za ishara, na kiasi kingine kitatumika kwa huduma za pamoja kama vile matibabu. Kwa kuwa Ongwen hana mali, jukumu la kutafuta fedha hizo liliangukia Hazina ya Waathiriwa ya mahakama hiyo. Wanaostahili ni pamoja na watoto walioingizwa katika brigedi ya Sinia wakiwa chini ya miaka 15, mradi jambo hilo lilitokea kati ya Julai 1, 2002 na Desemba 31, 2005. ICC haina uwezo wa kusikiliza kosa lolote lililotendwa kabla ya Julai 1, 2002. Waliomteka mwanafunzi wa miaka tisa mnamo 1987 hawawezi kushtakiwa humo kwa tendo hilo, na mwanafunzi mwenyewe hayumo katika orodha.